Kumjengea wakala wa akili unde zana ya kutafuta data za ETF, hatua kwa hatua

Muulize wakala wa akili unde, yaani programu inayojibu na kutenda kwa kutumia modeli ya lugha, asiye na zana yoyote: "GLD inatoza ada ya asilimia ngapi kwa mwaka?" Atajibu bila kusita kwamba ni asilimia 0.40. Jibu hilo linamfaa mtu wa New York, ambako GLD ni SPDR Gold Shares, mfuko wa dhahabu ulioanza kuuzwa Novemba 2004. Ila mtu wa Nairobi akifungua orodha ya soko lake la hisa, GLD anayoiona pale ni NewGold, mfuko uliotoka Afrika Kusini na kuorodheshwa Nairobi mwaka 2017. Yote miwili imesimama juu ya dhahabu, na yote miwili inaitwa GLD. Mtoaji (kampuni inayoutoa mfuko), sarafu na sheria zinazoisimamia ni mbalimbali, na ada ya mmoja haiwezi kuchukuliwa kuwa ya mwingine.

Nilipokutana na kosa la namna hii kwa mara ya kwanza nilidhani dawa ni kumpa wakala hifadhidata. Nikampa, na kosa likabaki palepale, maana hifadhidata yenyewe niliijenga juu ya alama za soko, yaani herufi fupi zinazotambulisha mfuko sokoni, na alama GLD ilikuwa na safu moja tu. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu kutafuta. Kutafuta ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kila namba inayomfikia wakala inajulikana ni ya mfuko upi, ya tarehe ipi, na inapimwa kwa kipimo gani.

Utahitaji Python, SQLite, hifadhidata ndogo ambayo huja pamoja na Python, na maktaba ya MCP, yaani Model Context Protocol. Huo ni utaratibu ambao Anthropic iliutoa wazi Novemba 2024 ili programu yoyote iweze kumpa wakala zana kwa lugha moja. Ndani yake ni ujumbe wa JSON-RPC 2.0, utaratibu wa programu kuulizana na kujibizana kwa maandishi: wakala huuliza kuna zana gani, hupewa orodha yenye majina na maelezo, kisha huita anayoitaka.

Kwa asiyezoea fedha: ETF ni mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake vinauzwa na kununuliwa sokoni siku nzima kama hisa ya kawaida. Marekani biashara hiyo ilianza na SPY, Januari 1993, mfuko unaofuata fahirisi (kipimo cha bei za kundi la hisa) ya S&P 500.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kugusa data

Mimi niliandika matatu. Mfuko huu ni upi? Una sifa gani, yaani ada, rasilimali, mtoaji, mwaka wa kuanza? Na la tatu ambalo watu hulipenda kuliko yote: ni mifuko gani inamiliki hisa za kampuni fulani, na kwa uzito gani?

Bei za papo kwa papo niliziacha nje kwa makusudi. Bei hizo ni mali ya masoko, zina leseni zake, na ukizichota mahali pasipo ruhusa utajenga juu ya mchanga. Zaidi ya hapo, anayetafuta mfuko wa kumfaa kwa miaka kumi hahitaji kujua bei ya dakika hii. Usimruhusu wakala pia kushauri nini kinunuliwe. Zana hii inatoa taarifa, basi.

Hatua ya 2: Chota data kutoka kwa msimamizi

Kwa mifuko ya Marekani, chanzo cha kwanza ni EDGAR, hazina ya nyaraka ya tume ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo, SEC. Ni bure na haihitaji kujisajili. Masharti ni mawili: programu yako ijitambulishe kwenye kichwa cha User-Agent kwa jina na barua pepe, na isizidi maombi 10 kwa sekunde. Ukikaidi, watakufungia.

Anza na faili la company_tickers_mf.json lililoko kwenye tovuti yao. Lina safuwima nne: cik, seriesId, classId na symbol. Hapa tulia kidogo, kwa sababu ngazi hizi ndizo zinazowaangusha wengi. Cik ni ya aliyejisajili, na msajiliwa mmoja anaweza kuwa na mifuko kumi au mia chini yake. SeriesId ndiyo mfuko wenyewe. ClassId ni daraja la hisa ndani ya mfuko.

Chukua VOO, ETF ya kampuni ya Vanguard. Haijitegemei. Ni daraja moja ndani ya Vanguard 500 Index Fund, mfuko ambao pia una daraja la VFIAX lisilouzwa sokoni kama ETF. Kapu la hisa ni lile lile, lakini ada ni tofauti, na rasilimali zinazoripotiwa kwa mfuko ni za madaraja yote kwa pamoja. Wakala akiulizwa VOO ina rasilimali kiasi gani, na zana yako ikampa jumla ya mfuko, atataja namba ya kweli iliyokaa mahali pa uongo. Kosa hilo ni gumu kulikamata kwa sababu chanzo kinathibitisha namba.

Faili hilo halitenganishi ETF na mifuko mingine ya pamoja. Usijaribu kubahatisha kwa urefu wa alama. Kuna fomu ya kila mwaka iitwayo N-CEN ambamo kila mfuko hujibu swali la wazi kama ni ETF au siyo. SEC huzitoa fomu hizo zikiwa zimepangwa kwenye majedwali, nawe unaunganisha kwa seriesId.

Kwa umiliki wa hisa, tumia majedwali ya fomu N-PORT yanayotolewa kila robo mwaka. Kila kilichomo kapuni kina safu yake: jina la kampuni, utambulisho wake, thamani, na asilimia ya mfuko. Jua kasoro yake mapema. Picha inayofikia umma ni ya mwezi wa tatu wa robo, na hutoka siku 60 baada ya robo kwisha. Kwa mfuko unaofuata fahirisi pana, uchelewaji huo si hoja kubwa. Kwa mfuko ambao meneja wake hubadilisha kapu kila wiki, ni kama kusoma gazeti la msimu uliopita. Kanuni ya 6c-11 iliyopitishwa mwaka 2019 inaitaka mifuko mingi kutangaza kapu lake kila siku ya biashara kwenye tovuti ya mtoaji, kwa hiyo data mbichi zaidi zipo. Soma tu masharti ya tovuti husika kabla ya kutuma roboti yako.

Na sasa rudi kwa GLD ya New York. Ukiitafuta kwenye N-PORT hutaiona. Mfuko unaoshikilia dhahabu tupu haukusajiliwa chini ya sheria ya kampuni za uwekezaji ya mwaka 1940, kwa hiyo huwasilisha ripoti ya mwaka ya 10-K kama kampuni ya kawaida. Anayejenga zana yake kwa N-PORT peke yake atakuwa na mashine inayosema hakuna mfuko wa dhahabu Marekani. Mifuko hii niliiingiza kwa mkono, mmoja mmoja, pamoja na NewGold ya Nairobi, kila namba ikiwa na tarehe na kiungo cha waraka nilikoitoa. Ni kazi ya kuchosha, na ni safu chache ninazoziamini kuliko zote.

Hatua ya 3: Panga majedwali, na alama isiwe ufunguo

Alama ya soko ni jina la kupanga. Mpangaji huhama, akaingia mwingine. Kuanzia Juni 2021 alama META ilikuwa ya ETF, Roundhill Ball Metaverse. Mwanzoni mwa 2022 mfuko huo ukahamia METV, na Juni 2022 kampuni iliyokuwa ikiitwa Facebook ikaanza kuuzwa kwa alama ya META. Mtu akiuliza habari za META za Desemba 2021 anauliza kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo mfuko wa QQQ uliitwa QQQQ kuanzia Desemba 2004 hadi Machi 2011.

Kwa hiyo mpe kila mfuko namba yako mwenyewe, na alama ziwekwe kando pamoja na soko na muda wake:

```
CREATE TABLE mfuko (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  mtoaji TEXT,
  series_id TEXT
);
CREATE TABLE alama (
  mfuko_id INTEGER REFERENCES mfuko(id),
  class_id TEXT,
  soko TEXT NOT NULL,
  alama TEXT NOT NULL,
  kuanzia TEXT,
  hadi TEXT
);
CREATE TABLE takwimu (
  mfuko_id INTEGER REFERENCES mfuko(id),
  class_id TEXT,
  jambo TEXT NOT NULL,
  kiasi REAL NOT NULL,
  kipimo TEXT NOT NULL,
  tarehe TEXT NOT NULL,
  chanzo TEXT NOT NULL
);
CREATE VIRTUAL TABLE faharasa
  USING fts5(jina, mtoaji, maelezo);
```

Jedwali la umiliki nimeliacha nje ya mfano huu. Lina mfuko_id, jina la kampuni, asilimia na tarehe.

Kwenye safuwima ya soko tumia misimbo ya kimataifa ya masoko, ISO 10383: ARCX ni NYSE Arca ya New York, XNAI ni Nairobi, XJSE ni Johannesburg. Kwenye takwimu, class_id ikiwa tupu maana yake namba ni ya mfuko mzima. Hapo VOO na VFIAX zitaachana kwa amani.

Angalia NOT NULL, yaani isiachwe tupu, kwenye kipimo, tarehe na chanzo. Nimeziweka ili hifadhidata ikatae namba uchi. Ada ya VOO ni asilimia 0.03. Vyanzo vingine huiandika 0.03, vingine 0.0003, na wakala akikutana na 0.03 isiyo na kipimo anaweza kuisoma kuwa sehemu ya moja, yaani asilimia 3. Kwa dola 10,000 hiyo ni tofauti ya dola 3 na dola 300 kwa mwaka. Mimi huhifadhi ada zote kwa sehemu za elfu kumi: VOO ni 3, SPY ni 9.45. Hakuna anayeweza kukosea kati ya 3 na 300.

Kama una ISIN, namba ya kimataifa ya kutambulisha hisa au mfuko, ihakikishe kabla ya kuiingiza. Ina herufi na tarakimu 12, na ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia kwa hesabu ya Luhn. Ya SPY ni US78462F1030, ifanyie hesabu hiyo upate kujaribu msimbo wako.

Hatua ya 4: Faharasa ya maneno

FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta maneno, inatosha kabisa kwa maelfu ya mifuko. Usikimbilie hifadhidata za vekta, zinazotafuta kwa ukaribu wa maana. Majina ya ETF ni mafupi na yenye maneno yanayojirudia, na kutafuta kwa neno lenyewe hushinda.

Mtego mmoja utakupata siku ya kwanza: "S&P 500". Alama ya & ikiingia kwenye FTS5 bila alama za kunukuu, hoja nzima hukataliwa kama kosa la sarufi. Zungushia kila neno alama za kunukuu, kama utakavyoona kwenye msimbo hapa chini.

Jambo la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Majina yote ya mifuko ni ya Kiingereza, na mtumiaji wako ataandika dhahabu, hatifungani, gawio, masoko yanayoibukia. Mara nyingi wakala atatafsiri mwenyewe kabla ya kuita zana, lakini mara nyingine hatafanya hivyo. Kwenye safuwima ya maelezo ongeza maneno ya Kiswahili ya kila mfuko: mfuko wenye neno Gold upate dhahabu, wenye Bond upate hatifungani na dhamana. Orodha ya maneno arobaini hivi ilinitosha.

Hatua ya 5: Fungua zana kwa wakala

Sakinisha maktaba kwa pip install mcp, kisha:

```
import sqlite3
from mcp.server.fastmcp import FastMCP

seva = FastMCP("data-za-etf")

CHAGUA = """SELECT m.id, m.jina, m.mtoaji,
  a.class_id, a.soko, a.alama, a.kuanzia, a.hadi
  FROM mfuko m JOIN alama a ON a.mfuko_id = m.id """

def fungua():
    db = sqlite3.connect("file:etf.db?mode=ro", uri=True)
    db.row_factory = sqlite3.Row
    return db

@seva.tool()
def tafuta_mfuko(maneno: str, soko: str | None = None) -> dict:
    """Tafuta ETF kwa alama, jina au mtoaji.
    Ita zana hii KWANZA ili kupata id ya mfuko.
    Soko ni msimbo kama ARCX, XNAI au XJSE.
    Hali ikiwa 'nyingi', muulize mtumiaji anamaanisha upi.
    Haitoi bei wala ushauri wa kununua."""
    db = fungua()
    safu = db.execute(
        CHAGUA + "WHERE a.alama = ? AND (? IS NULL OR a.soko = ?)",
        (maneno.strip().upper(), soko, soko)).fetchall()
    if not safu:
        hoja = " ".join('"' + n.replace('"', '') + '"'
                        for n in maneno.split())
        safu = db.execute(
            CHAGUA + """JOIN faharasa ON faharasa.rowid = m.id
            WHERE faharasa MATCH ? AND (? IS NULL OR a.soko = ?)
            ORDER BY faharasa.rank LIMIT 10""",
            (hoja, soko, soko)).fetchall()
    hali = ("hakuna" if not safu
            else "moja" if len(safu) == 1 else "nyingi")
    return {"hali": hali, "mifuko": [dict(s) for s in safu]}

if __name__ == "__main__":
    seva.run()
```

Maelezo yaliyo ndani ya alama tatu za kunukuu ndiyo anayosoma wakala anapoamua aite nini. Yaandike kama unavyomwelekeza mfanyakazi mpya dukani: nini cha kufanya kwanza, nini kisifanywe, na afanye nini akipata majibu mawili. Nilipoongeza neno KWANZA pale, wakala aliacha kubuni id.

Seva hii ikiendeshwa kwenye kompyuta yako huzungumza na wakala kupitia njia ya kawaida ya kutoa maandishi. Ukiacha print() popote ndani yake, maandishi yako yatachanganyika na ujumbe wa JSON na muunganisho utakatika bila maelezo ya kueleweka. Kumbukumbu zako zielekeze kwenye stderr, njia ya pembeni ya ujumbe wa makosa.

Zana nyingine mbili, sifa_za_mfuko na nani_anamiliki, zinafuata umbo hilo hilo, ila zinapokea id, pamoja na class_id pale mfuko una madaraja, na kamwe hazipokei alama. Hapo ndipo mkanganyiko wa GLD unapofungiwa mlango: hakuna njia ya kufikia namba bila kupita kwenye utambuzi.

Usimpe wakala zana ya kuandika SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) yake mwenyewe, hata kama inavutia. Kufungua hifadhidata kwa mode=ro ni kinga ya pili, na alama za kuuliza ndani ya hoja ni ya tatu. Pia kumbuka kwamba maelezo ya mifuko yameandikwa na watu wa nje. Yachukuliwe kuwa data, na maneno yoyote ya kuamrisha yaliyomo humo yasifuatwe.

Hatua ya 6: Jibu lijitosheleze

Hivi ndivyo sifa_za_mfuko inavyorudisha ada ya SPY kwangu:

```
{"jambo": "ada_ya_mwaka", "kiasi": 9.45,
 "kipimo": "sehemu_za_elfu_kumi",
 "maana": "dola 9.45 kwa kila dola 10,000",
 "ngazi": "mfuko mzima",
 "tarehe": "...", "chanzo": "..."}
```

Mstari wa "maana" unaonekana kama wa ziada. Usiutoe. Modeli za lugha hukosea hesabu ndogo za asilimia kuliko unavyotarajia, na zana ikishamaliza hesabu, wakala ananukuu tu. Tarehe nayo iende hadi kwa mtumiaji, na kwenye maelezo ya zana nimeandika wazi kwamba kila namba itajwe na tarehe yake.

Kukosekana kwa data kuwe na sababu. Orodha tupu humshawishi wakala kujaza pengo kwa alichokariri. Mrudishie "hakuna: mfuko huu hauwasilishi N-PORT" au "hakuna: tarehe hiyo iko kabla ya data zetu", naye atasema hivyo hivyo.

Na usimmwagie kapu zima. SPY ina kampuni takriban 500. Rudisha kumi za juu, idadi ya zote, na namna ya kuomba ukurasa unaofuata.

Hatua ya 7: Jaribu kwa maswali unayojua majibu yake

Niliandika maswali thelathini na huyaendesha kila ninapobadilisha kitu. Kila swali huulizwa mara tano, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu wakala anaweza kupatia mara nne na kukosea ya tano. Haya ndiyo yaliyonifunza zaidi:

- "GLD inatoza kiasi gani?" Bila soko, jibu sahihi ni kuuliza: ya Nairobi, ya Johannesburg au ya New York?
- "META ilikuwa nini Desemba 2021?" Ataje Roundhill na kwamba alama ilibadilika.
- "Nikiweka dola 10,000, SPY na VOO zinapishana ada kiasi gani kwa mwaka?" Dola 6.45, na aonyeshe 9.45 na 3.
- "VOO ina rasilimali kiasi gani?" Aeleze kama namba ni ya daraja au ya mfuko mzima.
- "Nipe mifuko ya dhahabu." Kama GLD ya New York haimo, rudi hatua ya 2.
- Alama ya kubuni, herufi tano zisizokuwepo. Aseme hakuna.

Usisome jibu la mwisho peke yake. Fungua kumbukumbu uone aliita zana gani na kwa mpangilio upi. Mara mbili nimekuta jibu sahihi ambalo wakala alilitoa kichwani bila kugusa zana, na hilo ni anguko, kwa kuwa siku ada itakapobadilika hatajua.

Baada ya hapo weka ratiba: faili la alama kila wiki, N-CEN na N-PORT kila robo zinapotoka, na safu za mkono kila mtoaji anapotoa waraka mpya. Alama ikitoweka kwenye faili jipya usiifute. Ijazie tarehe kwenye "hadi", kwa sababu kuna atakayeuliza ya mwaka jana.